Bibi wa Kwenye Kitabu

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Sepuka, na mdomo wangu umeniponza. Nilichagua kitabu cha picha chenye bibi kila ukurasa. Watoto wetu wamefunzwa adabu: kila nikifunua, wanasimama, "Shikamoo bibi!" Hadithi haisogei. Nikawakataza kuamkia picha.

Jana nimewainulia kitabu, mlango uko nyuma yangu, wakasimama tena wote. "Shikamoo bibi!"

Nikafoka bila kugeuka, "Kaeni! Huyo bibi hasikii, mwacheni na uzee wake!"

"Marahaba, wajukuu zangu," sauti ikajibu mgongoni kwangu.

Alikuwa mama mkwe, kwapani ana kuku wa kunizawadia. Watoto wakabaki wamesimama, wananitazama, wakingoja na mwalimu aamkie.