Hasara Tuliyoizika Nyuma ya Duka

Duka letu la Kabambare lilikufa masika yale ambayo lori la mzigo wetu kutoka Kasongo lilikwama kwenye matope hadi samaki wakavu wakaota funza. Mzigo ulipofika dukani, chumvi ilikuwa imeyeyuka ndani ya magunia. Vitambaa vilivyobaki dukani navyo vikaingiliwa na mchwa. Mume wangu hakupiga kelele. Alikwenda kwa Leta, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, akasema anafunga.

Ajenti wa kodi alimjibu vizuri tu. Angekuja mwenyewe Ijumaa, na kila kilichoharibika ambacho angekiona kwa macho yake angekitoa kwenye kodi. Asipoona kitu, kodi ingebaki nzima, nasi hatukuwa na cha kulipia isipokuwa cherehani yangu. Hiyo ndiyo niliyoitegemea itulishe baada ya duka. Nilikosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa, kwetu mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Mama mkwe wangu aliposikia mtu wa Leta anakuja, alishika ufagio.

"Mugeni ataingia mu harufu hii? Watu watasema nini juu yetu?"

Tukafagia, tukasugua, tukapaka kuta udongo mweupe. Samaki, magunia ya chumvi, vitambaa vilivyoliwa, vyote tulivizika kwenye shimo nyuma ya duka. Hata mimi, niliyejiona mjanja wa nyumba ile, nilikanyagakanyaga udongo mpaka ukashindiliwa. Nilijivunia kazi yetu hadi ajenti alipoingia.

Alitazama huku, akatazama kule.

"Duka hii iko safi sana," akasema. "Hasara iko wapi?"

Mume wangu alinigeukia. Mama mkwe akatazama chini. Nilishikwa na aibu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikachukua jembe.

"Bwana, iko kwa nyuma. Tuliizika juu ya heshima yako."

"Mulizika hasara?"

"Ndiyo, Bwana. Ilikuwa inanuka."

Harufu ilitoka kabla ya samaki. Ajenti aliziba pua kwa kofia, akarudi nyuma. Sikumwonea huruma. Nilivuta gunia moja baada ya jingine, nikamwekea miguuni.

"Inatosha, mama! Nimeona! Nimeona yote!"

Alipiga hesabu zake akiwa mbali, upande wa barabara. Hasara ilizidi faida, hakukubaki cha kutoza. Alipoondoka, mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikalia kwa furaha bila kujificha.

Jumatatu niliweka cherehani barazani. Shimo tulikuwa tumelifukia tena, lakini harufu haikuwa na haraka ya kwenda zake. Mteja wangu wa kwanza alikuja ameziba pua kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akaninyooshea kitambaa cha gauni.