Dawa ya Kupe Masikioni mwa Karanga

Apendi wa Molo, kijiji cha karibu na Tororo, alikuwa fundi cherehani, na hakujua kukasirika kwa sauti ndogo. Akianza kufoka, hata mteja aliyekuja kudai sare ya mwanawe hukumbuka ana shughuli kwingine.

Mbwa wake aliitwa Karanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye rangi ya njugu, aliyeletwa kutoka Busia akiwa mtoto ndani ya mfuko wa vitambaa. Sasa alikuwa mzee. Mdomo ulishaota mvi, na asubuhi alijinyoosha sana kabla miguu haijakubali kutembea.

Mvua zilipokolea, nzi walimvamia. Walimng'ata ncha za masikio mpaka zikachubuka, naye akajikuna mpaka vidonda vikachimbika na kutoa harufu. Apendi alikuwa akiviosha kwa maji vuguvugu ya chumvi, na vilikwisha kuanza kukauka.

Siku moja alikwenda Tororo kununua zipu na nyuzi. Wakati wa kurudi alimsikia Karanga kabla hajamwona. Mbwa alikuwa anazunguka uani, anasugua kichwa ardhini, analia kama mtoto aliyeungua. Masikio yalikuwa yamebabuka, mekundu, na ua mzima ulinuka dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe.

"Ofwono! Umefanya nini mbwa yangu?"

Mumewe alitoka zizini akipangusa mikono kwenye suruali. "Nimepaka yeye dawa. Nzi nakula yeye."

"Umechanganya na maji?"

Ofwono akatazama ng'ombe.

"Nauliza wewe! Umechanganya?"

"Kidonda ilikuwa mbaya, mama Opendi," alisema, akimwita kwa jina la mwana wao. " Nilitaka dawa ya nguvu."

"Ng'ombe yako unachanganyia! Hii mzee kidogo hivi unamwagia moto!"

Alichota maji na sabuni, akapiga magoti kumwosha. Karanga, ambaye hakuwahi kumwonyesha hata jino, akamng'ata mkono. Kisha akajikokota hadi kwa Ofwono na kuficha kichwa katikati ya gambuti zake za mpira.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Apendi. Yeye ndiye aliyemlea. Yeye ndiye aliyemwosha siku zote hizo. Na mbwa amemkimbilia aliyemuunguza! Ikabidi Ofwono amshikilie mbwa ili aoshwe, na Apendi alimwaga maji bila kumtazama mumewe usoni.

Kesho yake walipanda bodaboda hadi Tororo. "Wewe kaa hapa nje," alimwambia mumewe mlangoni kwa daktari wa mifugo, mwanamke aliyeitwa Phiona.

Lakini kila Phiona aliposogeza pamba, Karanga aliruka na kubweka. "Mama, kuna mtu anaweza kushika yeye akatulia?"

 Apendi akafungua mlango. "Ingia. Shika yeye."

Ofwono aliingia, kofia mkononi. Mbwa akatia pua kwapani mwake na kutulia. Phiona alimdunga sindano ya kutuliza maumivu, akanyoa manyoya kandokando ya vidonda, akasafisha, akapaka marhamu. Alisema dawa ile isiyochanganywa na maji ingeweza kumuua mbwa mzee kama huyu. Akawakataza kumpa vidonge vya maumivu vya watu, na akaagiza rundo la samadi liondolewe karibu na nyumba, maana huko ndiko nzi walikozaliana.

Apendi alishona kola pana ya sponji ya godoro na kitambaa, ili makucha yasifike masikioni. Asubuhi na jioni Ofwono alimshika, yeye akapaka. Walifanya kazi hiyo bila salamu. Vidonda vikafunga, ingawa ncha ya sikio la kushoto haikurudi.

"Mama Opendi," Ofwono alisema siku kola ilipovuliwa, "nilikosea."

"Ulikosea. Nimesikia. Mimi bado nina hasira."

Ofwono alichukua sepetu, akaenda kumalizia samadi iliyobaki. Jua lilikuwa kali, na Apendi alimsikia akihema. Alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Maji ya kunywa hakumpelekea.