Mwanamke Aliyemfundisha Mwanangu Wazimu

Usiku ule sikulala. Mwanangu Aneth alikuwa ameondoka mchana kwenda kwenye mashamba ya zabibu Makutupora na Generosa, jirani yetu wa ua mmoja hapa Nkuhungu, na kufika saa nne simu yake ilikuwa haipatikani. Nikampigia baba yake, aliyekuwa Kibaigwa akipakia mahindi.

"Yuko na nani?"

"Na Generosa."

"Basi yuko na mtu mzima. Lala, Mama Aneth."

Angekuwa na mwanamume, pengine ningelala.

Generosa huchuma zabibu, na msimu ukiisha hufua nguo za watu. Mtaa mzima unajua kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, alipofiwa na mtoto wake wa pekee, alirukwa na akili. Alifungwa kamba, akalazwa hospitali miezi saba, akarudi mzima. Ni mpole, anaongea polepole. Aliporudi, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Aneth yuko chuo, mwaka wa pili. Wanaigiza tamthilia ya zamani, ya kusikitisha. Malkia anajifanya kichaa ili asiolewe na mtu aliyemuua mumewe. Mdogo wake anaamini ni kweli, na kwa uchungu anarukwa na akili kabisa mpaka anakufa. Aneth ndiye huyo mdogo mtu. Mwalimu akamwambia, "Wewe nawe unajifanya. Sioni tofauti yako na malkia." Mwanangu alilia siku mbili, kisha akachukua daftari akaenda kwa Generosa. Kwangu hakuja. Sawa, mimi nimeishia darasa la saba. Lakini Generosa kaishia la nne!

Nikawa napeleka ungo wangu wa mchele chini ya dirisha lake, nachambua huku nasikiliza.

"Acha kuchekacheka," alimwambia. "Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa na kazi. Kanga ya mtoto niliifua kutwa nzima, na walionizuia niliwakasirikia kwa sababu walinichelewesha."

"Uliona watu wanakutazama?"

"Watu gani? Nilikuwa na kazi, mwanangu."

Mwanangu. Na Aneth akaitika, "Ndiyo, mama."

Asubuhi ile, baada ya usiku wangu wa kukesha, ikaingia meseji: "Simu iliisha chaji. Tuko kwenye bajaji tunakuja." Hata shikamoo haikuwamo. Hapo ndipo shetani aliponiingia. Nilivua viatu, nikafungua kilemba, nikavuruga nywele. Nikachukua ndoo ya mlenda niliokuwa nimeukausha tangu masika, nikaumwaga uani. Walipoingia walinikuta katikati yake, nacheka na kuimba nyimbo za harusi.

"Mama! Mama, ni mimi!" Aneth alinikumbatia akilia. Miezi miwili hakuwa amenishika hivyo. Nikazidi kucheka.

Generosa alisimama akatazama chini kwa muda, kisha akamtuma Aneth maji. Akachuchumaa karibu yangu.

"Mbukwa, Mama Aneth," akanisalimia kwa Kigogo, kama siku yoyote.

Nikamtolea macho, nikaendelea kuimba.

"Umetandika turubai," akasema.

Nikaacha kuimba.

"Ungekuwa mgonjwa, mlenda ungekuwa mchangani. Na kila ukitaka kucheka unamtazama Aneth kwanza." Alisema bila kunicheka. Akaanza kuuzoa kwa viganja na kuurudisha kwenye ndoo. "Shika upande huo, upepo usije ukaupeperusha. Mtoto nitamwambia hujalala, umechoka tu."

Ningeweza kumshukuru. Badala yake nikasema, "Huyu ni mtoto wangu. Wa kwako alikufa."

Viganja vyake vikasimama. Nilipoinua macho, Aneth alikuwa nyuma yetu na kopo la maji. Sijui alisikia kuanzia wapi. Generosa akainuka, akajikung'uta mikono, akaenda chumbani kwake. Aneth akaweka kopo chini. Alitazama turubai, akanitazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma.

"Kumbe hata machozi yangu ulikuwa unayachezea," akasema. Akamfuata Generosa, na mlango ukafungwa.

Nilivaa viatu, nikafunga kilemba vizuri, nikakaa mpaka adhuhuri nikiutazama ule mlango. Nilijiambia nimekosa na nitaomba radhi. Nilijiambia pia kwamba watakuwa wanakula pamoja saa hizi, na kwamba labda amemlaza Aneth kitandani kwake. Nikaenda.

"Hodi."

Nikabisha tena.

"Hodi, Generosa. Nimekuja kuomba radhi."

Aliyejibu ni Aneth. "Amejilaza, mama."

"Basi fungua wewe."

Nikasikia hatua zake zikija, zikasimama nyuma ya mbao, karibu kabisa. Ningenyoosha mkono ningemgusa kama si mlango.

"Mama, umemfuata yeye au umekuja kunichukua mimi?"

Lilikuwa swali jepesi. Mtu mwenye majuto moyoni angelijibu papo hapo.

"Nimemfuata yeye," nikasema, lakini nilikuwa nimechelewa, na sote wawili tulisikia nilivyochelewa. Komeo halikuguswa.