Mapipa Mawili ya Siki

Mgodi wa shaba ulipofungwa, mji wetu wa bondeni, huku kwenye milima ya Dima, haukufa siku moja. Kwanza iliondoka kantini, halafu zahanati, halafu wapangaji. Mizabibu yetu peke yake haikupata habari. Msimu ulipofika ikazaa kama kawaida, na kantini iliyokuwa ikinunua zabibu zake haipo.

Baba, aliyetuleta hapa kutoka Bujumbura kwa ajili ya kazi ya mgodi, alikuwa ameshafariki. Kaka yangu yuko mjini Ibra, ana kazi ya ofisini. Akamwambia mama ahamie kwake. Mama akasema, "Nitahama nikishindwa. Bado sijashindwa."

Akaziponda zabibu, akajaza mapipa mawili ya plastiki, akatia siki ya zamani kidogo, akafunika. Baada ya siku arubaini itakuwa siki, alisema, na duka moja la Ibra limeshakubali kuichukua. Kazi yangu mimi ilikuwa kuyaangalia tu mapipa.

Siku ya kumi na mbili nikaonja. Kwa nini, mpaka leo sijui vizuri. Ilikuwa bado tamu, lakini ilinichoma kooni na masikio yakapata moto. Nikafunika, nikanyamaza.

Harufu haikunyamaza. Jirani yetu, mzee wa Unguja anayesimamia zamu za maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba yetu yote, alikuja baada ya alasiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kizingitini.

"Bibi," akamwambia mama, "watu wanasema."

"Wanasemaje?"

"Wanasema watu wa Bujumbura hata zabibu zao hulewa."

Mama akacheka. Mzee hakucheka, ingawa nadhani alitaka.

"Hiyo siki, mzee wangu. Hata wewe unaila kwenye achari."

"Itakuwa siki, inshallah. Mimi nauliza leo ni nini."

"Leo iko njiani."

"Basi, bibi, hiyo njia ndiyo inayonitia shaka." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, umeionja?"

Mama hakunitazama. Angenitazama, ningejua la kusema. Au labda hivyo ndivyo ninavyojitetea.

"Nimeionja," nikasema. "Inachoma. Inapanda kichwani."

Nisimdhulumu mzee. Hakupiga kelele wala hakuita watu. Yeye naye alikuwa bawabu wa mgodi, na ulipofungwa alibaki bila kazi kama wenzake. Alisema tu kwamba tusipoimwaga, watu hawatakubali tupewe zamu ya maji, naye hataweza kututetea. Kisha akavua kanzu ya juu, akashika pipa la kwanza upande mmoja, nami upande wa pili, tukaenda kuimwaga kwenye mawe, mbali na mfereji, kisha tukarudia la pili. Mama alibaki ndani. Hata sasa siwezi kuandika kwamba mzee alikosea. Mama naye hakukosea, kwa kuwa hakuna siki isiyopitia hapo. Wala mimi sikusema uongo. Sote watatu tulisema kweli, na aliyepoteza ni mmoja.

Niliporudi nilimkuta mama anaosha bakuli ambalo halikuwa chafu.

"Ungeweza kusema hujaionja," akasema.

"Ningekuwa nimesema uongo, mama."

"Ndiyo."

Nilingoja anigombeze, nipate pa kuanzia kuomba radhi. Akachukua simu akampigia kaka yangu. "Nimeshindwa," akamwambia. "Njoo."

Kaka alikuja Ijumaa na gari. Tukapakia mablanketi, masufuria, na godoro moja. Mizabibu tuliiacha ina maji ya siku mbili tatu, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuifungulia mfereji.

Kaka akamfungulia mama mlango wa mbele. Mama akapita, akajibana nyuma katikati ya mizigo.

"Mama, kaa mbele, huko utaumia."

"Mbele akae dada yako," akasema. "Tukisimamishwa na polisi, yeye ndiye hodari wa kujibu."

Kaka akacheka, kwa kuwa alikuwa hajui. Nikakaa mbele.