Pole ya Goti la Terensi

Harufu ya mafuta ya karafuu mpaka leo hunifanya nigeuze uso. Si kwamba ni mbaya. Mama huyapaka mgongoni kila anapomaliza kufunga marobota ya nguo, na chumba kizima hunukia Unguja, ingawa nje ya dirisha ni mtaa wa Sanyuanli, huku Uchina, na ngazi zetu zinanuka ndala mpya za plastiki na maboksi yaliyolowa mvua. Lakini kizibo kikifunguliwa tu, namwona Terensi akiinama kupita mlangoni petu, na natamani siku ile ningekuwa bubu. Sasa nina miaka kumi na sita. Wakati ule nilikuwa na kumi na mmoja, na mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu wangu wa hapa Guangzhou aliwahi kumwuliza mama kama ninasikia vizuri.

Terensi alikuwa Mmarekani mcheza kikapu, mpangaji wa ghorofa ya nane, juu yetu. Hakuwa nyota wa kubandikwa ukutani. Ligi kubwa ya kwao haikumtaka hata siku moja, alinieleza mwenyewe bila kuona haya, basi akaishi kwa kukodiwa msimu mmoja mmoja: Uturuki, Ufilipino, Venezuela, mji mmoja wa Poland ambako maji ya kuoga yaliganda bombani, kisha klabu ndogo ya hapa. Lifti yetu ilikuwa na marobota ya watu kutwa nzima, kwa hiyo wote tulitumia ngazi, na mimi ndipo nilipokaa kuandika daftari langu, maana sebuleni hapakuwa na nafasi ya kukunjua goti. Yeye alikuwa akiniruka kwa hatua moja ndefu kama swala. Aliniita Kocha, kwa kuwa makocha wake wote walikuwa watu wa kukaa pembeni na kuandika. Akipita ataniuliza kwa Kiingereza, Kocha, leo nimekosea wapi, nami nacheka nikiwa nimeinamia daftari.

Mama hakuweza kuona mtu anaishi peke yake akila mikate ya dukani. Alimpelekea wali wa nazi na maharage katika bakuli letu la bluu lenye mfuniko. Mara ya kwanza lilirudi limeoshwa, tupu. Mama akamtania, mimi nikifasiri kwa sauti ya panya, kwamba kwetu chombo cha jirani hakirudi na njaa. Terensi akacheka mpaka akashika ukuta, akapanda mbio, akarudi na machungwa mawili. Tangu siku hiyo bakuli halikurudi tupu. Lilirudi na lichi, na biskuti, na siku moja na yai moja tu, ameliviringisha ndani ya soksi mpya ili lisipasuke.

Mvua za mwaka ule zilipoanza nikamwona akishuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli, kama mtu anayeshuka kisimani. Aliponiona alisimama, halafu akakaa karibu yangu, mguu mmoja ameunyoosha.

“Kocha, hilo usiliandike,” alisema.

Akanieleza kwamba klabu ingeamua mvua zikiisha kama inambakiza. Nafasi za wageni ni chache, na Mmarekani mwenye goti bovu huletewa mwenzake kabla hajamaliza kufunga begi. Nilimwuliza kwa nini asirudi kwao tu. Akatazama viatu vyake, vikubwa kama mitumbwi, akasema, “Bila timu, mimi ni mtu mrefu tu.” Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeahidi.

Sikuandika. Ila nilimwambia mama. Sikuwa na nia mbaya, nilisikia tu nyayo zake zikijikokota juu ya dari yetu, nikakumbuka yale mafuta ya karafuu. Ulimi hauna mfupa. Mama aliacha kusukuma chapati, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba ni aibu kuishi na mgonjwa juu ya vichwa vyetu bila kumpa pole. Nikamwambia ni siri. Akanijibu kwamba siri ni kwa watu baki, sisi tumekula naye chombo kimoja.

Jumamosi tulirudi kutoka soko la nguo la Shahe, tukamkuta Terensi chini mlangoni na mwanamume mwenye suruali ya mkunjo na faili la karatasi kwapani. Alikuwa meneja wa klabu. Walikuwa wanacheka, na Terensi alisimama wima kama mlingoti. Mama alitoa chupa ya mafuta ya karafuu mkobani, akainama, akaligusa goti.

“Pole, mwanangu. Pole sana. Na ngazi zote hizi!”

Kisha akamgeukia meneja, akamwita *laoban*, kama anavyomwita kila bosi sokoni, akamwambia kwa Kichina chake cha kununulia: mguu, unauma, kila siku. Kwao mama, bosi wa mgonjwa huambiwa ili ampunguzie kazi. Alidhani anamwombea huruma.

Tabasamu la meneja lilibaki mahali pake, lakini macho yalishuka gotini. Akanigeukia mimi mwenye sare ya shule hata Jumamosi, akaniuliza kwa upole, kama mwalimu, ni tangu lini. Terensi hakujua Kichina, ila alijua nimeulizwa nini. Alinitazama. Maisha yangu yote wakubwa walikuwa wameniuliza na mimi nikanyamaza, na siku moja ambayo kunyamaza kulikuwa na kazi, nikafungua mdomo. “Tangu mvua zilipoanza,” nilisema. Meneja akanisifu kwamba ninaongea vizuri sana.

Klabu ilimpeleka kwa daktari wake. Baada ya wiki mbili alikuja Mmarekani mwingine, kijana, na mabegi yake yakapanda ghorofa ya nane. Terensi aliondoka asubuhi nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta bakuli la bluu mlangoni petu, limeoshwa, limekaushwa. Nilifunua mfuniko. Hapakuwa na kitu. Mama alisema maskini, haraka za safari, na watu wa kwao hawajui mambo haya. Nilirudisha mfuniko. Terensi alikuwa anayajua.

Nimemtafuta mtandaoni. Ipo orodha ya timu zake, mji kwa mji, na ya mwisho ni ya hapa kwetu; chini yake hakuna mstari mwingine. Siku hizi mama hunichukua hospitali na ofisi za mizigo nimfasirie, na watu bado wananisifu kwamba ninaongea vizuri. Haya yangu imepungua, ila nikiulizwa habari za mtu humtazama kwanza yeye usoni, hata foleni ikinung'unika nyuma yangu. Mama naye hajabadilika. Mpangaji mpya akihamia juu, bakuli lilelile la bluu hupanda na wali. Likirudi, mimi ndiye ninayefungua mlango, na huchungulia chini ya mfuniko kabla sijaitikia salamu.