Upande wa Aliyeitwa

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka Horohoro, mwanangu Salimu, buti zimejaa vumbi la mpakani. Nilikuwa mgambo. Jeshi lilitaka watu wa akiba wakalinde mpaka, likachukua wawili wawili kila shamba la mkonge. Wangezoa wote, nani angebaki kukata mkonge? Nikafika kazini kule Maramba, nikakuta kijana mwingine amesimama kwenye mashine yangu. Nyapara hata hakunitazama.

"Kazi haimsubiri mtu," akasema.

Iliniuma, sikufichi. Nilikuwa na mke mjamzito na nyumba ya makuti inayovuja.

Ami yangu Hemedi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa makelele. Alimwalika nyapara chakula cha Ijumaa. Tukakaa watatu kwenye sinia moja, wali wa nazi na changu wa kukaanga, kila mtu na upande wake. Wajua desturi yetu: mwenzako akiitwa nje, upande wake haumegwi, hata kama atarudi wali umepoa. Basi ikapigwa hodi, jirani anamtaka nyapara. Alipotoka tu, ami akamvuta samaki wa mgeni, akamla, kisha akauingilia na wali. Mimi nataka kufa kwa aibu.

Nyapara akarudi, akaona upande wake mweupe. "Ala! Mzee Hemedi, na changu wangu?"

"Wali haumsubiri mtu," ami akajibu, ananawa mikono.

Kisha nyapara akacheka, cheko la mtu aliyeshikwa pabaya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu! Jumatatu nikarudi mashineni, na yule kijana akapelekwa kuanika nyuzi.

Sasa nasikia fundi wa gereji yako hapo Muheza ameitwa mgambo, nawe umeshamwambia mtu mpya kuwa kazi ni yake. Mtu mpya mweke, magari hayatajitengeneza. Lakini mwambie leo hii kwamba hapo pana mwenyewe. Aliyeitwa hakuacha kazi. Ameitwa kwa ajili yetu sote, pamoja na wewe uliyelala kwako salama.

Mungu akupanulie riziki, mwanangu, na siku utakapoitwa wewe, urudi ukute upande wako haujaguswa.