Mzee Asipoitikia Shikamoo

Saa mbili kasorobo asubuhi, katika kituo kimoja cha afya Makorora jijini Tanga, Anastazia Castory, mtaalamu wa maabara, anavaa glavu na kuchutama mbele ya Mzee Mwinyijuma.

"Shikamoo, babu."

Mzee anatazama ukuta. Anastazia anarudia kwa sauti zaidi. Macho ya mzee hayabanduki ukutani.

"Homa hana, ni uzee tu," anasema bintiye, Khadija. "Tangu juzi ananiita jina la marehemu mama. Nimemleta ili kaka zangu wasinilaumu."

Anastazia habishani. Anamfunga mzee mpira mkononi, anautafuta mshipa uliojificha, anachukua damu. Kwenye fomu anaandika kwa kalamu nyekundu: Hakuitikia shikamoo.

Wenzake humtania kwa hilo, maana fomu haina nafasi ya salamu. Lakini mama huyu wa miaka 52, mwaka wa 23 sasa maabara, hatanii.

"Mzee wa huku atasahau jina lako, atasahau kama kala, lakini marahaba haimtoki," anasema. "Ikimtoka ghafla, nashuku maambukizi. Mwili mkongwe unaweza kuugua vibaya bila hata kuchemka."

Somo hilo alilipata kwa uchungu. Baba yake, mkata mkonge wa Muheza, alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Joto hakuwa nalo. Nyumbani wakasema uzee, na siku ya tano wakamzika.

"Nilikuwa nimeshahitimu," anasema, akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Sikumpima baba yangu." Inauma hata kumsikiliza.

Nusu saa baadaye mashine inatoa majibu ya Mzee Mwinyijuma. Chembe nyeupe za damu, zinazoongezeka mwili unapopigana na maambukizi, ni elfu kumi na tisa. Kwa kawaida hazizidi elfu kumi na moja. Daktari aliyempokea asubuhi anarudi kukisikiliza kifua cha mzee, anaagiza picha ya eksirei, anakuta nimonia. Mzee analazwa na kuanzishiwa dawa za kupitia mshipani.

"Mie ningemrudisha nyumbani akalale," Khadija anasema taratibu, mtandio mdomoni.

Siku ya nne Anastazia anapita wodini. "Shikamoo, babu."

Mzee anafumbua jicho moja. "Marahaba. Ndiwe uliyenitoboa?"

Anastazia anacheka mpaka anakaa kitandani. Mwezi ujao anaanza kuwafuata majumbani wazee wasioweza kutembea, kila Jumamosi, na kisanduku chake cha barafu cha kuhifadhia damu. Ruhusa ameshapata.

"Nitaanzia Muheza, kambi ile ile ya mkonge aliyofia baba," anasema. "Nitawaamkia mmoja mmoja, nisubiri jibu."